Pikipiki Inadaiwa

Kuna sentensi inayozunguka sana kwenye vijiwe vya bodaboda vya Dindira, huku juu kwenye milima ya Korogwe, na ukishuka hadi Mkata upande wa Handeni utaikuta inasemwa vilevile: "Hii pikipiki usajili wake umekwisha." Kisarufi imekaa sawa. Kila aliyeketi kwenye benchi la kijiwe ataielewa, na huenda mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Lakini kwa sheria za Tanzania Bara jambo linalotajwa halipo. Pikipiki ikishasajiliwa imesajiliwa. Kadi yake haina tarehe ya kusema kwamba ikifika hapa usajili unakoma. Vinavyokwisha ni vitu vingine, na kwa dereva wa bodaboda ni vitatu, kila kimoja na ofisi yake, bei yake na tarehe yake. Kijana akiambiwa "usajili umekwisha", kisha akampa mtu hela akamshughulikie mjini, ameshaingia hasarani kabla hata hajakutana na trafiki, kwa sababu hajui anachonunua ni nini.

Ndiyo maana nataka tuyapange maneno haya vizuri. Wapenda lugha tuna desturi ya kuhangaikia istilahi za isimu na za falsafa, tukawaachia madalali istilahi za kadi ya pikipiki, na hizo ndizo zinazogusa mfuko wa mtu kila wiki.

Neno sajili tumelipata kwa Waarabu. Kwao sijill ni daftari au hati ya kumbukumbu, na wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha nyuma zaidi hadi Kilatini, sigillum, yaani muhuri. Kiswahili kimelipokea kwa heshima zake zote: tuna Msajili wa Vyama vya Siasa, tuna usajili wa vizazi na vifo, tuna usajili wa ndoa. Kote huko kusajili ni kuandika jina katika daftari la umma ili libaki humo. Mtoto aliyesajiliwa hasajiliwi tena kila Januari. Chama kilichosajiliwa hakiendi kuomba usajili mpya kila mwaka. Kinyume cha kusajili kwa Kiswahili ni kufuta, na kufuta ni tendo la mtu au mamlaka. Hakuji kwenyewe kwa kupita siku.

Kwa pikipiki ni hivyo hivyo. Mamlaka ya Mapato huingiza namba ya chasisi, namba ya injini, aina, rangi na jina la mwenye mali. Chombo kinapewa namba yenye herufi MC mbele, na kadi. Namba hiyo itakwenda na pikipiki hadi siku itakapouzwa vyuma chakavu. Ikiuzwa kwa mtu mwingine, kinachobadilika ni jina la mmiliki. Kibao chenyewe kinaweza kubadilishwa rangi, cha njano kwa matumizi binafsi au cheupe kwa biashara, na ninawasihi wanaonunua pikipiki iliyotumika waiangalie rangi hiyo kabla hawajatoa hela, maana kubebea abiria wa kulipa kwa kibao cha njano ni kosa lisilohusiana na tarehe yoyote kwisha.

Sasa hivyo vitatu. Cha kwanza ni leseni ya udereva, ambayo ni ya mtu. Bajeti ya mwaka 2019/20 iliongeza muda wake kutoka miaka 3 hadi miaka 5, na wakati huo ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 70,000. Cha pili ni leseni ya usafirishaji, inayokiruhusu chombo kubeba abiria kwa malipo. Hiyo ni ya mwaka, na iko chini ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Cha tatu ni bima.

Angalia jinsi neno leseni lilivyobebeshwa mizigo miwili hapo. Trafiki akisema "leseni", dereva anatoa ile yenye picha yake. Akiambiwa "nyingine", anababaika. Vijiwe vimelitatua jambo hili bila kumwita mtaalamu yeyote: leseni ni ile ya kuendeshea, na ile ya biashara inaitwa Latra tu. "Latra yangu inaisha mwezi wa tisa." Jina la mamlaka limegeuka jina la karatasi, kama zamani watu walivyosema Sumatra. Wapo watakaoona huu ni uvivu wa lugha. Kwangu ni ufundi, kwa sababu umeondoa utata ambao sheria iliuacha.

Kinachonipendeza zaidi ni kitenzi ambacho ofisi zenyewe zimekichagua kwa jambo la kurefusha muda wa hati: kuhuisha. Mtaani wanasema kurinyuu, na anayesema kurinyuu anaeleweka. Ila kuhuisha kina kitu ndani yake. Kimetoka kwenye ukoo wa hai na uhai; kuhuisha ni kukirudishia uhai kitu. Kwa hiyo, bila tangazo, lugha imeshatuambia ipi ni ipi. Leseni inahuishwa, bima inahuishwa, Latra inahuishwa, kwa kuwa hizo ni hati zinazokufa. Hakuna anayesema kuhuisha usajili wa pikipiki, na ukilisema unasikia lenyewe halikai. Huo ni mtihani mdogo ambao dereva yeyote anaweza kuufanya kichwani kabla ya kutoa pesa: hiki ninachodaiwa kulipia, kinahuishwa au hakihuishwi?

Basi usajili wa kwisha umetoka wapi? Nadhani ni kivuli cha karatasi iliyokwisha kuzikwa. Wenye magari wanaikumbuka rodi laisensi, ada ya mwaka ya leseni ya magari, na stika yake kwenye kioo cha mbele. Iliyochelewa ilizaa adhabu, adhabu ikazaa nyingine, hata gari bovu lililokaa juu ya mawe uani likawa linalimbikiza deni. Tarehe 8 Juni 2017, akisoma bajeti bungeni Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha Dkt. Philip Mpango alitangaza kuifuta. Badala yake, ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Karatasi ikafa, lakini jina lake linaendelea kutembea. Ukienda upande wa mashariki ya Kongo utakuta karatasi ya namna hiyo bado ina jina lake, vinyeti, na waendesha pikipiki wa huko wanajua wazi kwamba vinyeti si kibao cha namba wala si bima. Sisi tumebaki na woga wa kitu kisichokuwa na jina tena, tukaushonea kwenye neno la jirani, usajili.

Hizo shilingi 40 ningependa tuziangalie kwa karibu, kwa sababu huku milimani hazilipwi kwenye sheli. Petroli ya vijijini inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza ya mbao kando ya njia, kila moja lita moja, na muuzaji ana mpare wake uliokatwa kutoka kwenye dumu. Dereva anasimama, anafungua mfuniko wa tangi, chupa inagugumia hadi tupu, inarudishwa mezani. Katika chupa ile ndimo ilimokaa ile iliyokuwa ada ya mwaka. Haina stika, haina risiti yenye jina lake, haiwezi kuchelewa kulipwa na kwa hiyo haiwezi kuzaa adhabu. Kwa mwenye chombo kinachofanya kazi huu ni utaratibu mwema, nami nauunga mkono. Anayekwenda safari nyingi analipa zaidi, ambaye pikipiki yake imelala kwa fundi halipi kitu.

Lakini mafuta ya taa nayo yalipandishwa kwa kiwango kilekile. Sababu ilielezeka: taa ikibaki rahisi, wachakachuaji wataichanganya na dizeli. Pamoja na hayo, bibi wa kijiji kisichokuwa na umeme, anayewasha koroboi ili mjukuu asome, aliingizwa kwenye gharama ya barabara ambayo hana gari la kupitishia. Neno ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu ya kumi. Mtu aliye na kitu anatoa fungu. Hapo lilienda kumtafuta asiye na fungu. Sijaona istilahi nzuri ya hilo, na huenda ndiyo sababu halikuzungumzwa vya kutosha.

Tuje kwenye bima, ambayo ndiyo hasa inayowaumiza watu inapokwisha. Neno limetufikia kwa njia ya Wahindi, na wanaolichimba husema mzizi wake ni Kiajemi, bim, woga. Woga wa nani? Sheria inamtaka mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani awe walau na bima ya mtu wa tatu, na vijana wengi huitazama kama kodi tu ya kumnyamazisha trafiki. Sehemu ya lawama iko kwenye jina. "Mtu wa tatu" ni tafsiri isiyojieleza. Mtu wa kwanza ni mwenye pikipiki, wa pili ni kampuni ya bima aliyofunga nayo mkataba, na wa tatu ni yeyote yule ambaye hakuwapo walipokuwa wanaandikiana. Kwa Dindira, mtu wa tatu ni mama aliyebeba kapu la majani ya chai akitembea ukingoni mwa barabara ya udongo mwekundu asubuhi ya ukungu. Ni mtoto wa shule anayekata kona akikimbia. Hawa hawajui kama bima ya pikipiki inayowajia iko hai. Siku ikiwa imekufa, wao ndio watakaotafuta hela ya hospitali kwa michango ya ukoo, na dereva atauza alichonacho. Ingeitwa bima ya wapita njia, naamini watu wangeihuisha kwa wakati. Siku hizi stika yake ni ya kielektroniki, inahakikiwa kwa namba ya chombo kwenye simu, kwa hiyo kusema "stika imedondoka, afande" hakusaidii tena.

Huku juu mambo haya hayaonekani. Trafiki hawapandi milimani kila siku. Wanasimama kwenye lami, kwenye barabara kuu inayopita Korogwe kwenda Moshi na ile ya Segera kwenda Chalinze. Bima inaweza kufa wakati wa masika na mwenyewe asijue hadi Agosti, siku anapompeleka mgonjwa mjini. Anasimamishwa. Anaulizwa leseni, bima, Latra, kadi. Kadi hana, anatoa kopi iliyofunikwa kwa nailoni, imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, aliyoitunza chini ya siti. Afande anaangalia simu, anaangalia kibao. Kisha inatokea ile hali ambayo madereva wana neno moja tu la kuieleza: "Nimeandikwa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Hasemi ameandikiwa faini, ingawa hilo pia husemwa. Anasema ameandikwa yeye. Na ukikumbuka kwamba kusajiliwa nako ni kuandikwa, unaona chombo kimoja kinabeba maandishi mawili yenye tabia tofauti kabisa. Lile la kwanza limeingizwa mara moja na linakaa. La pili linaingia siku ya kosa na linasubiri kontroo namba ilipwe ili liondoke. Siku zake zikipita bila kulipwa, linanenepa. Mtu anayeyachanganya haya mawili, akaambiwa namba yake "ina tatizo", anafikiri amepoteza usajili, kumbe anadaiwa faini ambayo angeilipa kwa simu akiwa palepale kijiweni.

Kiasi cha faini nacho kina historia ya kukumbukwa. Zamani kosa moja lilikuwa shilingi 30,000, kwa basi, kwa lori na kwa pikipiki sawasawa. Juni 2021, katika bajeti iliyosomwa na Dkt. Mwigulu Nchemba, faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 kwa kosa. Bajeti hiyohiyo ndiyo iliyoleta tozo ya miamala ya simu, na toka hapo neno tozo, ambalo lilikuwa nomino tulivu iliyotokana na kutoza, likawa na uchungu mdomoni mwa watu hadi Serikali ikaipunguza miezi michache baadaye. Watu wengi wanakumbuka tozo wakasahau faini. Lakini kwa bodaboda punguzo lile lilikuwa kubwa, na ili kuliona lazima ujue neno jingine la kijiweni, hesabu.

Hesabu ni fedha ambayo dereva anampelekea mwenye pikipiki kila siku. Elfu saba, elfu kumi, inategemea mahali. Mwenye pikipiki anaitwa tajiri au bosi, hata kama ni mwalimu wa shule ya msingi aliyejibana. Wengi wanaendesha kwa mkataba: unapeleka hesabu kwa mwaka au zaidi kidogo, siku zikitimia pikipiki inakuwa yako na unakabidhiwa kadi. Katikati yake yupo deiwaka, anayeshika chombo kwa siku moja mwenyewe akiwa msibani au shambani. Faini ya 10,000 ni hesabu ya siku moja. Ya 30,000 ilikuwa siku tatu au nne za kufanya kazi bure, na mkataba mwingi ulivunjikia hapo.

Na hapa ndipo lilipo neno lililonifanya niandike. Baada ya kuandikwa, watu hawasemi tena kwamba dereva anadaiwa. Wanasema "pikipiki inadaiwa." Ukitaka kununua pikipiki ya mtu, rafiki yako anakushauri: angalia kwanza kama haidaiwi. Kiswahili cha zamani kina kitenzi chake kwa hali hii, kuwiwa, na nadhani bado kinafaa. Lakini iwe inadaiwa au inawiwa, mdaiwa ni chuma. Yule deiwaka aliyebeba mishikaki, abiria watatu nyuma yake bila kofia ngumu hata moja, ameshakwenda zake Handeni kulima. Kosa lilikuwa lake. Deni limebaki kwenye namba.

Lugha haikukosea, imeeleza kwa usahihi jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwamba deni linaweza kutafutwa kwa namba ya chombo. Tatizo ni nani anayesimama nyuma ya hiyo namba. Kwenye kadi kuna jina la tajiri. Kwenye siti kuna dereva. Tajiri anasema bima ni kazi ya anayeendesha, kwani ndiye anayesimamishwa. Dereva anasema bima ni ya mwenye kadi, maana chombo bado si chake. Kila mmoja ana hoja, na wakati wanabishana bima imekufa, Latra imekufa, madeni matatu yamejipanga kwenye namba. Siku ya kumaliza mkataba dereva anakabidhiwa kadi kwa furaha, anapigwa picha, kisha anagundua amekabidhiwa na hayo yote. Jina kwenye kadi bado la tajiri, ambaye huenda amehamia Dar es Salaam. Anauliza afanyeje, na kijiwe kizima kinamjibu: usajili wako umekwisha.

Mikataba hii mara nyingi huandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiwe, na shahidi mmoja kila upande. Hutaja kiasi cha hesabu, idadi ya miezi, na nini kitatokea dereva akikosa siku kadhaa mfululizo. Kuhusu karatasi za chombo husema "gharama nyingine zitabebwa na mwendeshaji," basi. Maneno "gharama nyingine" ndiyo yanayomla kijana. Mwenyekiti anayeandika angeyakata na mahali pake akaandika: bima itahuishwa na fulani, leseni ya usafirishaji na fulani, atakayekuwa anaendesha siku ya kuandikwa ndiye atakayelipa faini, awe mwenyewe au deiwaka, na siku ya kukabidhi kadi namba itaangaliwa kwanza kama inadaiwa, kisha wote wawili wataongozana Mamlaka ya Mapato kuhamisha umiliki. Neno usajili litokee humo mara moja tu, pale inapotajwa namba ya MC.